Maabara ya fangasi wa vitunguu kila wilaya, au pesa zijenge maghala?

Wakuu, heshima kwenu. Swali hili limetugawa wakulima wa Mpwapwa, nami nalileta hapa.

Mimi niko upande wa maabara. Msimu uliopita nilivuna vitunguu aina ya Red Bombay, nikajaza viroba, nikavipanga chumbani chini ya bati nikivizia bei ipande. Wiki ya tano nafungua kiroba: unga mweusi umejificha chini ya ganda la nje kama masizi ya kibatari, ukigonga kitunguu unafuka. Duka la pembejeo wakaniuzia mankozebu, dawa ya fangasi. Ileile niliyopulizia baka zambarau, ugonjwa wa majani, msimu mzima!

Kijana mmoja wa maabara akanioteshea fangasi wa kipande cha kitunguu hicho kwenye sahani. Chakula cha kumlisha fangasi ni cha jikoni kabisa: viazi gramu 200, dekstrosi (sukari) gramu 20, agari ya kugandisha gramu 15 hadi 20 kwa lita ya maji, kisha sufuria ya presha kwenye nyuzi joto 121 dakika 15. Sahani moja akaiweka nyuzi 20, nyingine 30. Siku ya tatu ile ya 30 ilikuwa nyeusi tii, ya 20 inajikongoja. Huyo ni Aspergillus niger, fangasi wa unga mweusi, anayestawi kwenye nyuzi 28 hadi 34. Botrytis, fangasi wa kuozesha shingo ya kitunguu, angefanya kinyume, kwani yeye hutaka 20 na ushee. Alternaria porri, mwenye baka zambarau, yuko kwenye 25 hivi. Kumbe adui yangu alikuwa joto la bati, na mankozebu nilitupa hela.

Nawasilisha.

*

Mkuu, umejifunga goli! Maabara imekwambia ujenge ghala lenye hewa. Hilo hata baba yangu alilijua bila sahani: anika mpaka shingo zinyauke, panga kwenye chanja, usirundike. Mimi naenda na maghala.

*

Mimi ni bwana shamba, mniwie radhi. Sahani ina mipaka yake. Ubwiri vinyoya, ugonjwa mwingine wa majani, hauoti kwenye agari hata ubembeleze, unataka jani bichi. Fusarium nayo, fangasi wa kuozesha kitako cha kitunguu, si kila inayoota huleta ugonjwa, lazima uipandikize kwenye kitunguu kizima uone kama kitako kitaoza. Tena ndani ya kabati la maabara nyuzi 25 ni 25 usiku na mchana. Shambani baka zambarau linasubiri jani lilale na umande saa nyingi. Ukipuliza kwa kufuata namba ya sahani peke yake, utapuliza siku isiyo yake.

*

Mleta mada hapa. Goli nimelikubali, na bwana shamba nimemsikia. Ila Fusarium ya kitako hukaa udongoni miaka bila kuona kitunguu, na mimi nakodi shamba jipya karibu kila msimu. Ghala litaniambia nini kuhusu udongo niliolipia?