Siku mbili nje ya Lisbon na mama asiyeweza ngazi: Sintra au kwingine?

Kijana wa Mvita
Ndugu zangu, assalaam aleikum. Mwezi wa Septemba ninatarajia kuwa Lisbon, Ureno, kwa siku tatu pamoja na mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, ambaye magoti yake hayamruhusu kupanda ngazi nyingi. Siku moja tutaitumia katikati ya mji. Naomba ushauri kuhusu mbili zinazobaki. Kila ninayemuuliza ananitajia mji wa Sintra ulio karibu, lakini picha ninazoonyeshwa ni za kasri lililo kileleni. Je, inafaa kumpeleka?

Bi Kisimani
Wa aleikum salaam, kaka. Sintra mpeleke, ila si lazima umpandishe kule juu. Treni huondoka stesheni ya Rossio na safari huchukua kama dakika 40. Kasri la Pena, hilo la rangi nyekundu na manjano unaloliona pichani, linafikiwa kwa basi namba 434, lakini kutoka langoni bado kuna mwinuko, na tiketi ya kuingia ndani huwa na saa yake, kwa hiyo foleni ya basi ikikuchelewesha umeikosa. Nilipokwenda na mama mkwe tuliliacha, tukaingia Kasri la Taifa lililo pale pale mjini, lenye dohani mbili nyeupe za jiko, pana chini na nyembamba juu, zenye kimo cha mita 33. Ukisimama jikoni ukainua uso, unaona mwanga umekuwa mdogo kama sarafu. Ngazi zipo hata humo, lakini alizimudu kwa kupumzika. Kile kisima maarufu cha Quinta da Regaleira, kasri jingine lenye bustani pale Sintra, kiacheni. Ni mita 27 za ngazi za kuzunguka.

Mzee wa Forodhani
Siku nyingine mpeleke Belém, mtaa wa Lisbon ambako ni tambarare kando ya mto Tagus; tramu namba 15 inafika. Katika kanisa la monasteri ya Jerónimos, iliyoanza kujengwa mwaka 1501, kaburi la Vasco da Gama liko kushoto ukiingia, na merikebu imechongwa ubavuni mwake. Huyu ndiye aliyetia nanga Mombasa na kisha Malindi mwezi wa Aprili 1498, akafia Cochin mwaka 1524. Mabaki yake yakarejeshwa Ureno. Kwetu sisi watu wa pwani, si kaburi la kupita tu. Mwonyeshe mama pia neno «igreja» kwenye vibao: ni kanisa kwa Kireno, na ndilo lililotupatia «gereza», kama «mesa» ilivyotupatia meza. Usiende Jumatatu, kwa kuwa monasteri hufungwa.

Kijana wa Mvita
Shukrani nyingi, mzee wangu, na wewe dada. Mama amecheka sana kusikia kwamba gereza lilikuwa kanisa. Baada ya Belém, je, tunaweza kufika Cascais, ule mji wa pwani, siku hiyo hiyo?

Bi Kisimani
Mnaweza, maana reli ya Cascais, inayotoka stesheni ya Cais do Sodré mjini Lisbon na kufuata maji, hupitia Belém, ila si kila treni husimama Belém. Soma ubao kwanza. Mama akichoka, rudini Cais do Sodré mpande feri ya kwenda Cacilhas, ng'ambo ya mto. Ni dakika kama 10 tu, naye ataona Lisbon yote akiwa ameketi, kama anavyovuka Likoni.