Taa za breki zilishaitwa kurekebishwa Japani, mimi nikauziwa gari hivyohivyo

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitajifanya sina. Sitaji chapa ya gari langu wala kampuni iliyoniuzia, kwa sababu shauri bado halijaisha. Mengine yote nayasema.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa mbili kasoro robo usiku, nilikuwa Barabara ya Morogoro, natoka Kimara kuelekea Mbezi. Foleni ilikuwa imeanza kufunguka, tunakwenda kama hamsini hivi. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani akaingia kwenye zebra. Nikakanyaga breki, gari likasimama vizuri tu. Hapohapo nikasikia kishindo nyuma. Bodaboda kaingia kwenye buti, kijana kaangukia ubavu wa kushoto na pikipiki imemlalia mguuni.

Nilishuka nikiwa mkali. Nikamwambia, kijana wangu, huoni? Akanijibu amekaa chini, ameushika mkono wake wa kushoto kama mtu aliyeshika kitu kisichokuwa chake: "Mzee, taa hazijawaka. Haki ya Mungu hazijawaka. Nilikuwa nazitazama." Nikamwita mwongo mbele ya watu. Hilo linaniuma kuliko buti lililobonyea, ndiyo maana nimelisema mwanzo kabisa.

Trafiki alipofika aliniambia niingie ndani nikanyage breki. Nikakanyaga. Akasema, "Kanyaga." Nikamjibu nimekanyaga, afande. "Kanyaga tena." Waliokuwa wamesimama nyuma ya gari wakaguna wote kwa pamoja. Ndipo nikajua.

Sasa sikilizeni vizuri, maana nimeshaambiwa na watu watatu kwamba kosa ni langu sikubadilisha globu. Gari lina taa tatu za breki: mbili za pembeni na ile ya juu kwenye kioo cha nyuma. Ile ya juu kwenye gari langu ni ya LED, wala haitumii globu. Zote tatu zilikufa. Globu mbili na LED haziwezi kuungua kwa mpigo mmoja. Zikizima zote kwa pamoja, umeme haufiki, na hapo unatazama fyuzi au swichi ya breki. Fyuzi yangu ilikuwa nzima.

Kesho yake fundi umeme wangu alijikunja chini ya usukani, tochi mdomoni, akatoa kitu kidogo kuliko kiberiti kilichokaa juu ya pedeli. Hiyo ndiyo swichi. Ukikanyaga breki pedeli inaachana nayo, ncha mbili za chuma ndani yake zinagusana, taa zinawaka. Alichomoa soketi, akaunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya, na taa zote tatu zikawaka nyekundu ukutani kwa jirani. Kisha akaipasua swichi kwa bisibisi akanionyesha ncha zake. Nyeusi, zimeungua. "Hii imeanza zamani, bosi," akaniambia.

Na kweli ilianza zamani. Miezi minne kabla, asubuhi mbili tofauti, gia iligoma kutoka kwenye P, ile ya kuegeshea. Magari mengi ya otomatiki hayakubali kutoka P mpaka yapate taarifa kwamba umekanyaga breki, na taarifa hiyo inatoka kwenye swichi hiyohiyo. Fundi mwingine alinionyesha kitufe kidogo pembeni ya gia, ukikibonyeza kwa ncha ya funguo gia inatoka. Nikamshukuru, nikaendelea na maisha. Kumbe gari lilikuwa linaniambia.

Hadi hapo ningeweza kusema ni bahati mbaya, chuma kimechoka. Lakini nina mpwa wangu anasoma Nagoya. Nilimtumia picha ya namba ya chesisi ili anitafutie swichi halisi. Baada ya dakika kumi akanipigia: "Mjomba, hili gari lina wito wa kurudishwa kwa watengenezaji. Swichi ya taa za breki. Na hapa kwenye ukurasa wao wameandika halijafanyiwa." Wito huo ulitangazwa gari likiwa bado linatembea huko Japani, kabla halijafika mnadani na kabla mimi sijalipa hata senti moja. Kule matengenezo yake ni bure kabisa. Unapeleka gari, wanatoa swichi ya zamani, wanaweka mpya, unaondoka.

Mwenye gari wa kwanza hakulipeleka. Sawa. Aliyelinunua mnadani hakuangalia. Kampuni iliyolitangaza mtandaoni iliandika "hali nzuri sana", ikaweka picha 34, hadi ya kapeti la buti, na namba ya chesisi waliyokuwa nayo mkononi hawakuiingiza mahali inapotakiwa kuingizwa, kazi ya dakika kumi za mwanafunzi mwenye simu. Cheti cha ukaguzi nilichopewa kina mistari chungu nzima, taa zikiwemo, na siku ile taa ziliwaka kwa kuwa swichi ya namna hii hufa kidogokidogo: leo inagusa, kesho haigusi. Kuhusu wito hakuna hata mstari mmoja.

Nikaenda ofisini kwao hapahapa Dar. Dada wa mapokezi alikuwa na adabu, sina tatizo naye. Mkubwa wake ndiye aliyeniambia, akiwa anachati, "Mzee, hayo mambo ya wito ni ya wateja wa Japani. Wewe umenunua gari kama lilivyo." Nikatoka hapo nikaenda kwa wakala wa chapa hiyo. Wao wakanisikiliza vizuri, wakaandika namba, na mwisho wakasema gari hilo hawakulileta wao, kwa hiyo si lao. Kule liko kwenye orodha ila mimi si mteja wa kule, na hapa mimi ni mwenye gari ila gari halina mwenyewe. Kijana wa bodaboda kavunjika mfupa wa kifundo cha mkono kwenye nafasi iliyo katikati ya ofisi hizo mbili.

Msiseme ni jambo dogo, ni kaswichi tu. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa unatembea karibu mita 14 kila sekunde. Anayekufuata hana namna nyingine ya kujua kwamba umeamua kusimama. Na usiku ni hatari zaidi, maana taa zako ndogo za nyuma zinawaka, anaona wekundu na anaamini taa zako ni nzima. Anachosubiri ni ule wekundu uongezeke, na hauongezeki.

Wala wenye nchi zao hawalichukulii kama jambo dogo. Aprili 2013 Hyundai na Kia waliita Marekani zaidi ya magari milioni 1.6 kwa swichi ya taa za breki. Mei 2014 General Motors wakaita takriban milioni 2.4, Chevrolet Malibu na ndugu zake za Pontiac na Saturn, kwa sababu muunganiko wa waya ulikuwa unapata kutu, taa zinakataa kuwaka unapofunga breki au zinawaka hujagusa kitu. Walikuwa wameshaita Pontiac G6 kama 8,000 tu mwaka 2009, yaani ilichukua miaka mitano kufika kwenye hayo mengine. Walikiri mamia ya malalamiko na ajali 13.

Na mwaka 2019 ilikuwa zamu ya Subaru. Gari langu si Subaru, narudia, si Subaru, lakini hili naliweka kwa ajili ya ndugu zangu wenye Forester na Impreza, maana mitaa yetu imejaa hizo gari. Waliita takriban magari milioni 2.26 duniani kote, na zaidi ya 300,000 kati ya hayo yalikuwa Japani kwenyewe, yaliyotengenezwa kati ya 2008 na 2017. Japani hiyo ndiyo tunakonunua sisi. Chanzo chake kitawashangaza. Mvuke wa silikoni unaotoka kwenye vitu vya kawaida, vipodozi, dawa za kusafishia na kung'arishia, unapenya ndani ya swichi. Cheche ndogo za ncha zikigusana zinaugeuza kuwa utando usiopitisha umeme. Ncha zinagusana, taa haiwaki. Sasa fikirini kila Jumamosi kwenye kuosha magari, kijana anavyomwagia dashibodi dawa ya kung'arisha mpaka unateleza, halafu anakufungia vioo. Dawa nyingi kati ya hizo zina silikoni. Sisemi kila gari litapata shida. Nasema mwenye gari la miaka hiyo alistahili kuambiwa.

Na wasituambie kwamba kumzuia mtu na gari lisilorekebishwa haiwezekani. Japani hiyohiyo, tangu Mei 2018, baadhi ya magari yenye mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyoitwa kwa ubovu na ambayo haijabadilishwa, hayapiti ukaguzi wa lazima. Namba ya chesisi inaingizwa, gari linakwama, mwenyewe analipeleka likatengenezwe. Kwa gari la Mjapani namba hiyo inafanya kazi. Gari hilo likishapanda meli kuja Dar es Salaam au Mombasa, ghafla namba haisemi kitu?

Tena hata wewe ukitaka kujitafutia mwenyewe unakutana na ukuta. Nilijaribu tovuti ya NHTSA, mamlaka ya Marekani inayosimamia usalama wa magari, kwa sababu ni ya Kiingereza. Inataka namba ya tarakimu na herufi 17. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba hiyo. Yana herufi na tarakimu chache za modeli, kistari, kisha namba ya gari lenyewe. Ukiingiza inakataa, na mtu anafikiri gari lake ni safi. Mahali pa kuangalia ni ukurasa wa mtengenezaji wa Japani, ambao mara nyingi ni wa Kijapani mtupu. Tumieni programu ya kutafsiri, tafuteni sehemu ya kuingiza namba ya chesisi, andikeni kama ilivyo kwenye kadi, na kistari chake. Watengenezaji wengi wanaonyesha kama gari lako limeitwa na kama limeshafanyiwa.

Kingine, fungueni mlango wa dereva mtazame kwenye nguzo, karibu na pale mlango unapojifungia. Kwa miaka mingi gari lililofanyiwa matengenezo ya wito Japani lilibandikwa hapo stika ndogo yenye namba ya wito. Langu nimelitazama kwa tochi, nimepangusa vumbi kwa kidole. Kuna alama ya gundi ya stika ya kubadilisha oili na hakuna kingine. Kukosekana kwa stika peke yake hakumaanishi mengi, lakini ikiwepo walau una pa kuanzia kuuliza.

Na leo usiku kabla hujaingia ndani, rudisha gari nyuma karibu na ukuta, zima redio, kanyaga breki mara ishirini, si mara mbili. Tazama kwenye kioo ukuta ukibadilika rangi. Hata mara moja ikikataa, usisubiri. Swichi nimenunua Gerezani, mpya, shilingi 38,000, na fundi akachukua 10,000. Elfu 48! Nimelipa faini ya elfu 30, nimelipa buti, nimelipa hospitali.

Hospitali nililipa mwenyewe na nitaendelea kulipa, kwa sababu gari ni langu na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa nyuma ya usukani. Lakini yule kijana pikipiki yake ni ya mkataba. Mwenye pikipiki anataka hesabu ya kila siku, awe amevunjika au hajavunjika, na alikuwa amebakiza miezi mitano iwe yake. Nilimtembelea Ijumaa, nikamwomba radhi mbele ya mke wake kwa kumwita mwongo. Akasema, "Yameisha, mzee." Mimi kwangu hayajaisha.

Ninachotaka ni hiki, na nimekiandika kwenye barua ambayo Jumatatu naipeleka Tume ya Ushindani, FCC. Anayeleta gari kuuza hapa aingize namba ya chesisi kabla ya kulitangaza, na aandike pale palipo na bei: limeitwa au halijaitwa, limefanyiwa au halijafanyiwa. Kama halijafanyiwa, alifanyie hukohuko ambako ni bure, kabla ya kulipakia. Na wakala wa chapa akiletewa gari lililomo kwenye orodha ya mtengenezaji wake, alipokee, bila kujali limekuja na meli ya nani.

Kama na wewe uliuziwa gari lenye wito ambao hukuambiwa, wa taa za breki au wa kitu kingine, niandikie hapa mwaka wa gari, mwezi lilipofika bandarini na jibu ulilopewa. Namba ya chesisi usiiweke hadharani. Barua ina nafasi ya viambatanisho, na ya mtu mmoja wataiweka chini ya zile nyingine.