Nitrati inayopungua kadiri zamu inavyoendelea

Swali: Mashine yetu ya melini, ile inayosukuma sampuli za maji ya bahari katika mirija myembamba huku mapovu ya hewa yakizitenganisha, inaonyesha nitrati pungufu saa baada ya saa. Je, tatizo ni mtikisiko wa meli?

Jibu la 1: Ningeanza na safu ya kadimiamu, yaani mrija uliojazwa metali hiyo, kwa kuwa ndiyo inayogeuza nitrati kuwa nitriti kabla ya rangi ya waridi inayotokana na nitriti hiyo kusomwa kwa mwanga wa nanomita 540 hivi; safu ikichoka, vipimo hushuka taratibu namna hiyohiyo. Pitisheni miyeyusho sanifu ya nitriti na nitrati yenye ukolezi sawa, kisha mlinganishe: nitrati ikisomeka chini ya nitriti, safu imechoka.

Jibu la 2: Naafiki. Mtikisiko huvuruga mapovu, nayo grafu hurukaruka badala ya kuteremka polepole.