Kujikita kwenye tenisi ya wawili wawili: inalipa? Na njia ni ipi kwa kijana wa Mombasa?

KochaWaPwani

Hamjambo wadau. Kuna kijana namfundisha hapa Nyali, miaka 18, mrefu, sevu yake nzito na mikono yake kwenye wavu ni laini. Singo, yaani mechi za mmoja kwa mmoja, ndizo zinazomtesa: rali ikivuka mipigo sita saba, miguu inakataa. Babake ananiuliza kama aachane na singo kabisa awe mtu wa dabo (wawili wawili) tu. Nataka kumpa jibu lenye hesabu. Ngazi zikoje, pointi zinaingiaje, pesa iko wapi, na mazoezi yabadilike vipi? Yale ya "ajitahidi tu, Mungu atafungua" babake ameshayasikia ya kutosha.

MzeeWaHesabu

Kocha, mwambie baba mtu asimtoe kwenye singo bado.

Mlango wa dabo hufunguliwa na jumla ya nafasi za watu wawili kwenye orodha ya ubora wa dunia. Wa 900 akishirikiana na wa 700, jumla yao ni 1,600, na jozi zenye jumla ndogo ndizo zinazoingia kwanza. Droo ya dabo ya M15 au M25, mashindano ya ngazi ya chini kabisa, ni jozi 16 tu. Kijana asiye na nafasi yoyote hana cha kuchangia kwenye jumla hiyo, basi nani atamtaka? Nafasi ya singo hukubaliwa pia kumwingiza mtu kwenye dabo, kwa hiyo hata pointi chache za singo zinampandisha bei. Pili, mtu wa dabo pekee akitolewa raundi ya kwanza Jumanne, amelipa nauli na hoteli kwa mechi moja, na pointi hana hata moja, maana kwenye dabo lazima ushinde walau mechi moja ndipo uandikiwe kitu. Mwenzake anayecheza singo pia angalau ana nafasi mbili za kurudisha gharama.

Ngazi zenyewe: chini kabisa ni M15 na M25 za ITF, shirikisho la tenisi la dunia, na bingwa hupata pointi 15 au 25. Juu yake ni Challenger, ambazo majina yake yanakwenda na pointi za bingwa, kuanzia 50 hadi 175. Kisha mashindano ya ATP (chama cha wachezaji wanaume wa kulipwa) ya 250, 500 na 1000, halafu Grand Slam, yale manne makubwa kuliko yote, pointi 2,000. Pointi hudumu wiki 52 zikaanguka. Hapo ndipo wengi hukwama: mwaka wa kwanza unapanda, mwaka wa pili unacheza kutetea ulichopata, na ukiumia mwezi ule ule uliofanya vizuri mwaka jana, unaporomoka.

Pesa sasa. M15 ina zawadi ya jumla dola 15,000, na sehemu kubwa inaenda kwenye singo. Mabingwa wa dabo hupata dola 900 na ushei kwa jozi. Kwa JOZI. Gawanya kwa mbili, toa kodi ya nchi mwenyeji, halafu lipa nyuzi, chakula na ndege. Ukitwaa ubingwa umerudisha pengine nauli. Ukifika nusu fainali umepata hasara. Kule juu nako pengo halifutiki: Wimbledon 2025 bingwa wa singo alichukua pauni milioni 3, mabingwa wa dabo pauni 680,000 wagawane. Ule mpango wa ATP wa kuwahakikishia wachezaji kipato cha chini ni wa walio 250 bora wa singo. Mtu wa dabo hayumo.

Kinachobadilisha hesabu ni umri. Dabo haimalizi mwili upesi. Daniel Nestor wa Kanada alistaafu 2018 akiwa na miaka 46 na mataji 91 ya dabo. Rohan Bopanna wa India alishika namba moja duniani kwa mara ya kwanza Januari 2024, ana miaka 43, na mwezi huo huo akabeba Australian Open na Matthew Ebden. Mtu wa singo akipata kumi na miwili ya kazi ashukuru. Wa dabo anaweza kwenda ishirini. Ila anayelipwa vizuri ni yule aliye ndani ya 70 au 80 bora, anayeingia Grand Slam zote nne bila kuomba. Nje ya hapo ni kuhangaika.

DadaVoli

Mzee amemaliza upande wa pesa. Mimi nitajibu la mazoezi, kwa sababu "sevu nzito na mikono laini" ni nusu ya kazi tu. Wanaopiga sevu nzito wamejaa. Kinachotenganisha jozi ni mapokezi.

Mpokeaji wa dabo ana kichochoro chembamba. Mtu wa wavuni anafunga katikati, kwa hiyo mpira lazima upite mshazari, chini, udondoke miguuni mwa mpiga sevu anayekuja mbele, karibu na mstari wa sevu ulio mita 6.40 kutoka wavuni. Mazoezi: weka koni mbili mshazari, moja pale mstari wa sevu unapokutana na mstari wa pembeni wa singo, nyingine mita moja ndani yake. Kocha anapiga sevu, mtu wa tatu anasimama wavuni na ruhusa ya kukatiza, yaani kuvuka na kuupiga mpira kabla haujadunda. Kijana apokee mipira 40 kila upande, ihesabiwe ile iliyopita chini na kuangukia kati ya koni tu. Bila yule wa wavuni, zoezi halina maana: atajifunza kupiga mpira mzuri wa singo, unaoelea kwa urefu wa bega, na kwenye mechi utauawa.

La pili ni voli (mpira unaopigwa kabla haujadunda) ya kwanza, ile inayopigwa chini ya kimo cha wavu ukiwa bado unakimbia. Kosa la vijana warefu ni kuinamisha raketi badala ya kukunja magoti. Kichwa cha raketi kikishuka chini ya kifundo cha mkono, mpira unapaa.

La tatu, kukatiza. Aondoke pale mpokeaji anapoanza kupeleka raketi mbele, si kabla. Akiondoka mapema anapigiwa mstari wa pembeni na ataacha kukatiza kwa woga. Na aende mbele kwa mshazari kuelekea wavu, asitambae sambamba nao kama kaa. Ishara za mkono nyuma ya mgongo wakubaliane kabla ya kila sevu: ngumi nabaki, kiganja wazi navuka. Mnavyoamua nyinyi, ilimradi mpiga sevu ajue ni wapi atafunika.

Halafu kocha, kagua wavu wa hapo mnapochezea. Katikati uwe sentimita 91.4, kwenye nguzo mita 1.07. Viwanja vingi vya klabu mshipi wa katikati umekatika au umelegea, wavu unakaa juu kupita kiasi, na kijana anazoea kunyanyua voli. Huna futi? Simamisha raketi moja wima, juu yake laza kichwa cha nyingine kwa upana: unakaribia kabisa kimo hicho.

Kusini_Kaskazini

Naongeza la hewa, maana watu wa pwani wanaumbuka kila wakipanda bara. Mombasa tuko usawa wa bahari na unyevu mwingi. Mpira unanywa maji, unakuwa mzito na polepole. Nairobi ni kama mita 1,700, Kigali kama 1,500. Sevu ile ile iliyotua vizuri Mombasa, kule inatoka nje kwa nusu mita, na lobu, mpira wa juu wa kumpita mtu wa wavuni, ndiyo usiseme. Zaidi ya mita 1,219 kanuni za ITF zinaruhusu mipira maalumu ya nyanda za juu. Uliza mapema ni ipi inatumika, ufanye nayo mazoezi. Kaza nyuzi kilo moja zaidi ya kawaida yako, na ufike siku tatu nne kabla. Nyuzi za utumbo wa mnyama ni tamu kwa voli lakini unyevu wa huku unazila. Nyuzi laini za kutengenezwa zinatosha.

Kusi ikivuma, viwanja vyetu vingi vimelazwa kaskazini-kusini, upepo unapita urefu wa uwanja. Ukiwa nao mgongoni, lenga lobu kwenye mstari wa sevu, upepo utaipeleka nyuma wenyewe. Ukiwa nao usoni, ipige kwa nguvu zote. Na mpeni aliye na sevu dhaifu upande wenye upepo mgongoni: kila seti ikianza jozi ina haki ya kubadili nani aanze kupiga sevu. Wengi wanasahau haki hii.

KochaWaPwani

Ahsanteni sana. Dada, wavu wetu nimeupima leo: sentimita 97 katikati! Sasa swali la pili. Kama singo haziachwi, lakini pesa ya kuzunguka M15 haipo, mtoto anapitia wapi? Na kuna yeyote wa Afrika aliyefika kwa dabo, nimwonyeshe baba?

MzeeWaHesabu

Wapo, yakhe, na si mmoja. Cara Black wa Zimbabwe alikuwa namba moja wa dabo duniani na ana mataji kumi ya Grand Slam, matano dabo ya wanawake na matano mchanganyiko. Kakake Wayne na Kevin Ullyett walibeba US Open 2001 na Australian Open 2005. Wesley Moodie wa Afrika Kusini na Stephen Huss wa Australia walishinda Wimbledon 2005 wakitokea raundi za kufuzu. Raven Klaasen wa Afrika Kusini alifika fainali ya Australian Open 2014, njiani akiwatoa ndugu Bryan, mapacha mashuhuri wa dabo wa Marekani, na fainali ya Wimbledon 2018. Na wa kwetu: Angella Okutoyi, taji lake la Wimbledon ya vijana 2022 lilikuwa la dabo, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Mkenya wa kwanza kushinda Grand Slam ya vijana.

Njia ya bei nafuu ni chuo cha Marekani kwa ufadhili. Pale mechi za timu huanza na dabo: mechi tatu za seti moja kila moja, na timu inayoshinda mbili inapata pointi moja kati ya saba. Pointi hiyo moja hufanya makocha watafute watu wa dabo makusudi. Ndugu Bryan walipitia Stanford, Rajeev Ram Illinois, Joe Salisbury Memphis. Ram na Salisbury wakashinda US Open mara tatu mfululizo, 2021 hadi 2023. Kocha wa chuo atataka video: dakika tano hadi nane, pointi kamili zisizokatwa, kamera nyuma ya uwanja juu kidogo, na nusu yake iwe dabo. Asimtumie sevu tupu. Kijana asikae bure muda mrefu baada ya shule wala asipokee zawadi ya pesa kabla ya kuuliza chuo, kanuni za uhalali zinabadilika na zinaweza kumla misimu.

Akibaki nyumbani, aanze na mashindano yanayofikika. Kigali kumekuwa na Challenger tangu 2024, na Mkenya anaingia Rwanda kwa kitambulisho, bila viza. Ulaya ni hadithi nyingine: viza ya Schengen, ya nchi nyingi za huko, ni siku 90 katika kila siku 180, na mwenzako mwenye pasi ya Ulaya hatakungoja ubalozini.

BandariniTu

Mimi napinga kidogo. Mnamwuzia kijana kazi ambayo wakubwa wa mashindano wenyewe wanaibana. US Open 2025 dabo mchanganyiko ilihamishwa wiki ya kabla ya mashindano, jozi 16, seti za gemu nne hadi fainali, mastaa wa singo wakapewa viti. Watu wa dabo karibu wote nje.

DadaVoli

Na nani alibeba dola milioni moja? Sara Errani na Andrea Vavassori, mabingwa watetezi na watu wa dabo, wakiwafunga Iga Swiatek na Casper Ruud fainali. Mapokezi ya chini na voli, yale yale. Lakini nakubaliana nawe kwamba nafasi zinabanwa, na ndiyo sababu nyingine ya kubaki na singo. Sania Mirza wa India aliacha singo 2013 kwa sababu ya kifundo cha mkono, akiwa tayari na jina. 2015 akawa namba moja wa dabo.

Kusini_Kaskazini

Kocha, mwisho ni mwenza. Usichague rafiki. Chagua mtu anayependa kupokea upande ambao kijana hapendi, mwenye ratiba ile ile, na mkubaliane kwa wiki sita hadi nane, si kwa wiki moja moja. Ndoa za dabo huvunjika kwa ratiba zaidi ya kwa ugomvi: mmoja anaingia droo ya singo mji mwingine, mwingine anabaki na hoteli iliyolipwa.

Kamari ya tenisi ni marufuku kwa mchezaji na kwa wewe kocha pia, hata ya shilingi hamsini kwenye simu, hata mechi isiyowahusu. Ngazi za chini ndiko wanunuzi wa mechi wanakotega, maana ndiko kwenye njaa. Ujumbe wowote wa namna hiyo uripotiwe, kukaa nao kimya ni kosa pia.

Na mfundishe kucheza alama za kisasa sasa hivi. Kwenye ATP ikifika 40-40 ni pointi moja tu, na wanaopokea ndio wanaochagua upande; wakubaliane tangu mapema ni nani anapokea hiyo. Seti zikiwa moja moja, hakuna seti ya tatu, ni taibreki (gemu ya kuhesabu pointi moja moja) hadi kumi kwa tofauti ya mbili. Zamu ya sevu kati ya jozi mbili inaendelea kama ilivyokuwa, lakini ndani ya jozi mnaruhusiwa kubadili nani apige kwanza na nani apokee upande upi. Mwenye sevu nzuri siku hiyo ndiye aanze, hata kama gemu iliyopita alipiga yeye.

KochaWaPwani

Nimeelewa. Singo anabaki nazo, mazoezi siku tatu za dabo na mbili za singo, video tunaanza Jumamosi. Mshipi wa wavu nimeagiza mpya.