Wamefunga tarehe 2, hela ya watoto wetu wamepokea tarehe 11

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa Pasua, Moshi, na nimeshakunywa vikombe viwili vya chai ya tangawizi ili nisitukane mtu. Modereta, nakuomba usiuhamishie uzi huu kule kwenye utalii. Hapa hakuna utalii.

Mimi ni mweka hazina wa kamati ya wazazi wa darasa la sita, shule moja ya hapa mjini. Watoto 46. Tangu Januari tunachanga kidogokidogo, anayeweza elfu tano, anayeweza elfu mbili. Kuna bibi mmoja anauza ndizi Mbuyuni, analea wajukuu wawili, alikuwa ananiletea sarafu za mia tano zimefungwa kwenye pindo la khanga. Nahesabu mbele yake, naandika, anaondoka. Lengo letu lilikuwa watoto waione bahari, halafu wakacheze kwenye kile kiwanja cha mabembea na mabwawa kilichoko ufukweni Dar. Jina silitaji. Hawa watoto mlima wanauona kila asubuhi wakipiga mswaki, wameuzoea kama bati la jirani. Maji makubwa waliyowahi kuingia ni ya chemchemi ya Chemka, tena wachache.

Tarehe 11 nikapiga namba iliyoko kwenye ukurasa wao. Akapokea dada mmoja mchangamfu. Kiingilio 18,000 kwa mwanafunzi, jumla 828,000, tangulizeni nusu tuwawekee siku. Nikatuma 414,000 kwenye lipa namba, ujumbe ukarudi na jina la kampuni. Akaniaga hivi: "Karibuni sana mama, hata ule mteremko mkubwa wa maji umeshatengenezwa."

Tarehe 27 tukaondoka saa kumi na moja alfajiri. Same, Hedaru, Mombo, Korogwe, watoto wanaimba. Baada ya Chalinze malori, hakuna anayeimba tena. Tukalala kwenye bweni la shule moja tuliyoombewa na mwalimu mkuu. Asubuhi yake hakuna mtoto aliyeamshwa. Saa kumi na moja wako nje wamevaa, wengine nguo za kuogelea za mtumba zimevaliwa juu ya sare.

Tukafika. Geti lina mnyororo.

Ukichungulia ndani, gurudumu kubwa limelazwa chini, vyuma vimepangwa mafungumafungu kama vinasubiri mizani ya chuma chakavu. Vigari vya kugongana vimebebanishwa kimoja juu ya kingine. Mteremko "uliotengenezwa" umekatwa vipande vitatu. Bwawa la watoto lina maji ya kijani. Na pale getini kuna karatasi ndani ya nailoni: wateja wetu wapendwa, tumesitisha huduma zetu kuanzia tarehe 2.

Tarehe 2, jamani. Mwezi uleule. Mimi nimelipa tarehe 11. Siku tisa nzima kiwanja kimeshakufa, na dada bado anapokea rambirambi anaziita nafasi!

Mlinzi, mzee wa watu hana kosa, akaniambia taratibu, "Mama, nyie basi la tatu wiki hii."

Inaniuma mara mbili kwa sababu mahali pale napajua. Nilisoma chuo Dar. Kilipokuwa kipya, siku ya Idd Pili foleni ilitoka getini ikafika barabarani, watu wamebeba pilau kwenye hotipoti, mtoto akipotea anatangazwa kwenye spika na shati alilovaa. Baadaye nikaenda tena na mwanangu wa kwanza, nikaona dalili. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi inakula chuma usiku na mchana. Usipokwangua kutu na kupaka rangi kila mara, nati zinakatika zenyewe. Wao walifunga kamba. Chombo kikiharibika, kamba, na kibao "kipo kwenye matengenezo". Mwaka uliofuata kamba zimeongezeka, na kiingilio nacho kimeongezeka. Ilifika mahali unalipa kwenda kutazama kamba.

Sasa kwenye grupu la wazazi baba mmoja (na yeye hajamalizia mchango wake, nitamtaja siku nyingine) ananiandikia, "Watanzania hatuna utamaduni wa kutoka na familia, ndiyo maana biashara hizi zinakufa." Mangi, acha hizo. Wale watu wa Idd Pili walikuwa Wanorwei?

Usingizi umenipaa siku tatu, nimesoma. Kule New York, ufukwe wa Coney Island, George Tilyou alifungua kiwanja chake cha Steeplechase mwaka 1897. Kiliungua 1907, akakijenga upya, na watu waliendelea kujaa miaka na miaka. Kilifungwa 1964. Mwaka uliofuata akanunua Fred Trump, baba yake Donald, akitaka kujenga maghorofa. Mwaka 1966 akaandaa sherehe ya kukibomoa, wageni wakarushia matofali vioo vya jengo. Maghorofa hayakujengwa, hakupata kibali. Watu wale walikuwa na utamaduni wa kutoka kuliko sisi, na kiwanja kikaenda. Kiwanja cha ufukweni kina adui anayeitwa bei ya kiwanja. Hata pale Dar mlinzi ameniambia wapimaji wameshakuja. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, kwa hiyo hao wapimaji natumaini futi kamba yao ni ndefu.

Lakini sikilizeni vizuri kabla hamjanijibu: sigombani na mtu kufunga biashara yake. Ni mali yake, auze, agawe, apande minazi. Ninachogombana nacho ni hizo siku tisa. Huyo Tilyou, kiwanja chake kilipoungua, kesho yake alibandika tangazo kwamba anayetaka kuona magofu yanayofuka moshi alipe senti 10. Mchaga kamili. Ila aliyelipa alijua analipia majivu. Sisi tumeuziwa majivu tunaambiwa mteremko umetengenezwa.

Watoto tuliwapeleka Coco Beach. Wakala mihogo, wakakimbizana na mawimbi, kuna mmoja akaonja maji akapiga kelele, "Mwalimu, kumbe kweli yana chumvi!" Walifurahi, sikatai. Ila kurudi Moshi mimi ndiye nimeshika daftari. Yule bibi wa ndizi hajaniuliza kitu. Amekuja, amekaa kwenye benchi langu, akauliza kama bahari ni kubwa kuliko bwawa letu la Nyumba ya Mungu, akaenda zake. Ningependa angenitukana.

Nilichofanya mpaka sasa: nimepiga simu mara kumi na nne, mara ya kwanza dada alisema "uongozi unalifanyia kazi", kuanzia ya pili hapokei. Ujumbe wa WhatsApp umesomwa. Picha ya tangazo la getini ninayo, ujumbe wa muamala ninao, tarehe zote zinaonekana. Nimeshauriwa niende Tume ya Ushindani, kwa kuwa wao ndio wenye sheria ya kumlinda mlaji. Aliyewahi kupeleka lalamiko la hela ndogo kama hii aniambie alianzia wapi na alitakiwa aende na nini, maana nauli ya kufuatilia ikizidi 414,000 nitakuwa nimeibiwa tena na mimi mwenyewe.

Na wale mnaopanga safari za Desemba: jana usiku nilijaribu kutuma shilingi 1,000 kwenye ile lipa namba.

Imepokelewa.