Filamu yetu ya kangomba imekamilika. Tuanze na YouTube, TV au vijijini? Naomba ushauri

MwanaChikongola (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Sisi ni kikundi cha vijana wa hapa Mtwara mjini, tumemaliza filamu ya dakika 80. Sehemu kubwa tumeshuti Tandahimba, kipande kidogo Mikindani. Kisa ni cha mama mjane ambaye mumewe kabla hajafariki alishauza korosho kwa kangomba, yaani kwa mnunuzi wa magendo nje ya ushirika, zikiwa bado juu ya mti. Msimu umefika, jamaa aliyezinunua anakuja kudai gunia zake. Humo ndani kuna Kimakonde cha kutosha, hasa kwa bibi mmoja ambaye hakuwahi kuigiza maishani mwake ila katufunika wote.

Kimbembe ni kuifikisha kwa watu. Imebaki shilingi 1,500,000 na kikundi kimegawanyika. Wapo wanaotaka tuipandishe YouTube wiki hii hii tuanze kula matunda. Wengine wanasema tupeleke kwenye ving'amuzi, chaneli za kununua kazi za Kibongo zipo. Mimi na mwenzangu mmoja tunaona tuanze kuizungusha huku huku kusini, Newala, Masasi, Nachingwea hadi Ruangwa, kiingilio buku, maana wenye hicho kisa ndio hawa.

Jina nalihifadhi kwa sasa. Nawasilisha.

Ghala Kuu

Unaomba ushauri wa kutangaza filamu halafu jina unalificha. Kazi ipo.

MwanaChikongola

Hahaha mkuu, si kwa ubaya. Majina yapo mawili na bado tunabishana.

FundiKamera

Basi malizeni hilo kwanza. Posta, trela, fomu za Bodi ya Filamu, tangazo la redioni, vyote vinasubiri jina moja. Mkiingia mtaani na hili leo na lile kesho, watu watadhani ni filamu mbili. Mpeni kila jina kijana wa gari la matangazo alitamke mara kumi mfululizo. Linalomng'ata ulimi liacheni.

La pili, picha. Kuna mtu alikuwa na kamera ya picha za mnato wakati mnashuti, au mnategemea kukata fremu kwenye video? Fremu ya HD ni pikseli 1920 kwa 1080, megapikseli mbili tu na kidogo. Kwenye simu inapendeza, ila ukiipeleka kwenye bango la mita mbili sura ya mtu inakuwa vigae. Kama hamna, waiteni waigizaji wenu wakuu na nguo zile zile, nendeni chini ya mikorosho asubuhi jua likiwa bado la upole, nusu siku inatosha.

Na tafadhali, msituletee ile posta ya vichwa vinane vinavyoelea juu ya gari la kifahari. Hilo gari hata kwenye filamu huwa halimo. Mjane peke yake, amekalia gunia tupu, basi. Mtu wa Tandahimba akiona gunia tupu mwezi wa kumi na moja ameshaelewa kila kitu.

KidumeChaPwani

Bongo Movie nani anaangalia siku hizi? Watu wanaangalia za Kikorea zilizotafsiriwa. Mtakula hasara.

DadaWaMikindani

Mdogo wangu MwanaChikongola, hongereni. Mimi kwetu huko huko, ila niko Dar, kazi yangu ni kutangaza tamthilia na filamu. Nitakuwa mrefu kidogo.

Hizo njia tatu zote mnaweza kupita. Mtakachoharibu ni mpangilio. Ukishaipandisha YouTube bure, umefunga milango mingine kwa mkono wako. Chaneli ya TV itakuuliza kwa nini inunue kitu ambacho kila mwenye bando ameshakiona. Matamasha nayo mengi huuliza swali hilo hilo kabla ya kupokea filamu. YouTube iwe ya mwisho.

Na hayo matunda ya YouTube wenzako wameyapigia hesabu? Ili chaneli ianze kugawiwa pesa za matangazo inatakiwa iwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Kwa filamu ya dakika 80, hizo saa ni sawa na watu 3,000 waitazame mwanzo mwisho. Nani huko kwetu ana bando la kukaa dakika 80? Wengi wataangalia kumi halafu wachukue kwa jirani kwenye flashi.

Kwenye TV usikimbilie kuuliza "mnatoa bei gani". Uliza kwanza wananunua nini. Haki za kipekee au za kushirikiana? Miaka mingapi? Wanaruhusiwa kuirusha mara ngapi? Haki za mtandaoni zimo humo humo au zinabaki kwenu? Nimeona watu wanasaini karatasi moja wakidhani wameuza kurushwa mara moja, kumbe wameuza filamu nzima, hata kipande cha kuweka status yao wenyewe wanaomba ruhusa. Sinema Zetu ya Azam na Maisha Magic Bongo ya DStv ndizo za kwanza kubisha hodi. Nenda na trela, muhtasari wa ukurasa mmoja, picha tano kali na barua inayoonesha mnamiliki kila kitu kilichomo. Filamu nzima usimpe mtu kwenye flashi, mwekee mahali pa kutazama kwa nywila.

Matamasha: ZIFF ya Zanzibar ipo tangu 1998, inafanyika Ngome Kongwe, na hapo ndipo wanunuzi na waandishi wa nje wanakusanyika. Tuma mapema, milango yao hufungwa miezi kadhaa kabla. Lakini kile Kimakonde cha bibi lazima kiwekewe maandishi chini, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Msikitoe. Hicho ndicho kitakachowatofautisha na filamu mia za Sinza, Dar.

Halafu kuna sentensi moja. Nimesoma maelezo yako pale juu, ni mazuri ila yananieleza kilichokwishatokea. Mtu anayepita stendi anataka kujua mama huyu atafanyaje. Jaribu hivi: "Mjane wa Tandahimba ana mpaka siku ya mnada kutafuta gunia kumi ambazo marehemu mumewe alishazila." Sijui kama ni gunia kumi, rekebisha mwenyewe. Ila sentensi hiyo hiyo iende kwenye posta, redioni, kwenye barua ya TV na mdomoni mwa kila mwanakikundi.

Kwa hiyo mimi naungana na wewe: vijijini kwanza, huku barua za TV na tamasha zikiwa njiani, YouTube baadaye sana.

MwanaChikongola

Dada umenimaliza. Ni gunia kumi na mbili. Naichukua hiyo sentensi kama ilivyo.

Korosho Ghafi

Naunga mkono vijijini, lakini nakupa siri ya wakulima maana mimi ni karani wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Usithubutu kuonesha siku ya mnada. Utasema watu wamejaa, ndiyo, wamejaa kusikiliza bei. Bei ikiwa mbaya wanaondoka na hasira zao, ikiwa nzuri wanaondoka kupiga simu. Na pesa hawana bado. Subiri malipo yaingie benki. Ukiona foleni ya benki Newala au Tandahimba imezunguka jengo, jioni hiyo hiyo gari lako la matangazo lipite.

Malipo hayaji siku moja kila mahali. Kila chama kikuu cha ushirika kina ratiba yake: TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi, Nanyumbu na Mtwara, na RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Ulizeni makarani, ratiba ya ziara ifuate malipo. Mkichelewa mpaka Desemba mvua zinawakuta uwanjani na turubai.

Sasa angalizo. Vibanda umiza vingi huku vya nani? Vya hao hao wanunuzi wa kangomba. Mnakwenda kumwomba mtu ukumbi muoneshe filamu inayomsema yeye! Hapo sijui mtaingiaje, labda mtumie kiwanja cha shule au uwanja wa ghala letu.

Ghala Kuu

Hapo kwenye vibanda nimecheka mpaka chai imemwagika. Lakini ni kweli tupu.

Mtangazaji wa Zamu

Nipo redioni huku kusini, kituo nakihifadhi. Wasanii wengi wanatuletea trela ya video. Ndugu yangu, redio haina macho! Ukiondoa picha kwenye trela zenu inabaki ngoma inadunda na mtu anasema "baba". Tengenezeni ya masikio pekee, sekunde 30. Mwanzo mlango unagongwa, sauti ya jamaa: "Nimefuata gunia zangu." Kimya. Bibi anajibu kwa Kimakonde. Halafu ndipo mtangazaji ataje jina, siku, mahali, kiingilio. Hiyo hiyo inapigwa kwenye gari la matangazo na inatumwa WhatsApp, haili bando.

Na mkija kuhojiwa mleteni huyo bibi. Mkurugenzi wa filamu abaki nyumbani, atatuelezea kamera aliyotumia. Redio za jamii kama Jamii FM ya Naliendele au Mashujaa ya Lindi zina wasikilizaji mpaka shambani, na bibi akifungua mdomo kijiji kizima kitajua ni mwenzao.

MwenyeKibali

Mbona hakuna aliyegusa sheria? Filamu haioneshwi hadharani kabla haijakaguliwa na Bodi ya Filamu na kupangiwa daraja la umri. Ni Sheria Na. 4 ya 1976, haijalishi ni ukumbi wa Dar au uwanja wa shule Kitangari. Maombi yanafanyika mtandaoni, ila anza na Afisa Utamaduni wa halmashauri yako, atakuelekeza na pia atakusaidia kwenye wilaya nyingine. Gari la vipaza sauti nalo linaombewa ruhusa kila wilaya mnayoingia.

Muziki mliotumia ni wa nani?

MwanaChikongola

Wa msanii wa hapa hapa Magomeni, mshikaji wetu. Katuruhusu.

MwenyeKibali

Kwa mdomo au kwa karatasi? Ushkaji unaisha siku filamu ikianza kuingiza hela. Andikianeni, kisha sajilini kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Mshikaji akishaupeleka wimbo wake kwa msambazaji wa mtandaoni, mtambo wa YouTube utautambua wenyewe na mapato ya filamu yenu yanaweza kwenda kwa huyo msambazaji bila hata mtu kugombana.

Mzee wa Kilwa

Vijana, mnachotaka kufanya si kigeni. Waingereza mwaka 1935 hadi 1937 walikuwa na mradi pale Vugiri, Usambara, wanatengeneza filamu na kuzizungusha kwa lori. Baada ya uhuru magari ya sinema ya serikali yalifika mpaka huku, tunaketi chini na bibi zetu. Wito wangu mdogo: anzeni baada ya swala ya Isha. Mkianza kabla, nusu ya wazee mtawakosa, na mkurupuko wa kwenda kuswali utawavuruga walioketi.

KidumeChaPwani

Sawa, nimesoma yote. Ila swali langu mbona hamjibu: usiku wa kwanza tu, kesho yake ipo kwenye maduka ya kuingiza muvi kwenye flashi. Mtafanyaje?

FundiKamera

Swali zuri hilo kwa mara ya kwanza. Faili libaki kwenye laptopu ya kikundi na mtu wa kikundi akae nayo, mwenye projekta apewe waya tu. Wapo watakaorekodi kwa simu, ila video ya simu ya kitu kilichooneshwa kwenye turubai haina ladha. Siku mtakapoiweka YouTube itafika dukani, hilo likubalini. Ndiyo maana ziara itangulie.

Projekta Nachingwea

Ninayo projekta yenye mwanga wa lumeni 4,000, turubai, spika mbili na jenereta. Niko tayari kuzunguka nanyi. Mafuta juu yenu, na kijana wangu analala na kula kwenu. Fungu la kiingilio silitaki, nataka hela ya siku.

MwanaChikongola

Mkuu, hela ya siku ni kiasi gani?

Projekta Nachingwea

Njoo PM. Humu kuna wateja wangu wa harusi.