Kwenda kuona michoro halisi ya vitabu vya watoto, tujipange vipi?

Swali: Jamani tuko 12, watoto 7, tunataka kwenda kuona michoro ya vitabu vya watoto, ile yenyewe ya mkono sio ya kuchapishwa, hivi wataona tofauti kweli au watachoka tu?

– Wataona! Bebeni kitabu chenyewe mlinganishe, mchoro mara nyingi ni mkubwa kuliko ukurasa na unaona kabisa mistari ya penseli, na pale msanii alipofunika kosa kwa rangi nyeupe, mi hapo niliganda nusu saa.

– Mwanga utakuwa hafifu, kama laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga), maana rangi za maji hupauka zikipigwa na mwanga mkali. Flashi msiwashe.

– Gawanyikeni watatu watatu, fremu ni ndogo.